Redio ya Waitara na Mlango wa Gati

Nilipohamishiwa Nyansurura kutoka Bukoba, operesheni ya vijiji ilikuwa imeshapita na watu walikuwa wameshapangwa kwenye mstari. Nyumba zilinyooka kuliko tabia za wenyewe. Mimi muuguzi, mgeni, nilipewa nyumba ya zahanati, ng'ambo ya njia, na kila nilipofungua dirisha asubuhi nilikuta milango miwili inanitazama. Mmoja wa Waitara, mwingine wa Gati, mama mjane. Kati ya milango hiyo hapakuwa na nafasi ya kuanika hata mkeka mmoja vizuri.

Sasa nikuambie nilichokiona. Gati alikuwa anaamka alfajiri, anakaa kizingitini pake anapeta ulezi. Mara, bila mtu kumwita, bila mvua, bila chochote, anainuka na ungo wake, anaingia ndani, anafunga mlango. Hapo hapo Waitara anatoka kwake na jembe begani, macho chini, anashika njia ya shamba. Akishapotea kwenye mihogo, Gati anatoka tena, anaketi, anaendelea kupeta. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Mimi na kikombe changu cha uji dirishani nilikuwa sielewi kitu.

Nikajua wamegombana. Nikamuuliza Esta, mke wa Waitara, alipokuja zahanati na mimba yake ya pili.

"Wagombane?" Esta alicheka mpaka akashika kiuno. "Yule si mama yangu mzazi? Waitara ni mkwe wake. Hawajagombana, Sista. Wanaheshimiana."

"Kwetu watu wakiheshimiana husalimiana."

"Huku mkwe na mama mkwe hawaonani uso. Hawasemeshani. Akimwona njiani anapita porini. Zamani ilikuwa rahisi, sisi tulikuwa kilima kile na mama kilima kile, mto katikati. Halafu wakaja na kamba yao ya kupimia."

Kumbe siku ya kugawa viwanja Waitara alimfuata katibu wa kijiji akamwomba ambadilishie, ampeleke hata mwisho wa mstari kwenye mawe. Katibu alimjibu kwamba ujamaa hauna mkwe. Jibu lile lilirudiwa kijijini kama mzaha, lakini Waitara hakucheka. Alijenga mahali alipoonyeshwa, akaweka mlango mahali ambapo milango yote iliwekwa, na kila asubuhi akatoka akiwa ameinamisha kichwa.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mrefu, mikono mirefu, mpole mpaka unakasirika. Ujana wake aliumalizia Kericho akichuma majani ya chai, na alichorudi nacho ni koti moja na redio ya mbao. Redio ile ilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha mbele. Cha kushoto cha kutafuta stesheni, cha kulia cha kuwasha na cha sauti. Kile cha kulia kilikuwa kikubwa, kimelainika kwa vidole, na pembeni kina mkwaruzo ambao Waitara aliuweka mwenyewe kwa kisu, ili hata gizani kidole kijue sauti imefika wapi. Nilimtembelea mara nyingi kusikiliza taarifa ya habari, na nilipenda kumwangalia anavyokishika. Alikishika kama anavyoshika chuchu ya ng'ombe mwenye kidonda. Kuwasha, anasikiliza kwanza ule mlio mdogo, ka, halafu anapandisha taratibu. Kuzima ndiyo kabisa. Alikuwa anaishusha sauti polepole, polepole, mtangazaji anakwenda mbali kama mtu anayetelemka bondeni huku anaongea, mpaka unasikia tena ka.

"Kwa nini usizime tu?" nilimuuliza.

"Sista, ukimkata mtu maneno ghafla si unamwumiza? Na mawe yanaumia. Mzee mmoja wa Kericho aliniambia, ukizima ghafla mawe yanakunywa moto wote."

Mawe ni betri. Kama ni kweli yanakunywa moto mimi sijui, somo hilo halikuwamo chuoni kwetu. Lakini mawe yalikuwa adimu, na Waitara aliyatunza. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, alishusha redio namna hiyo, akazima, akatoka.

Basi kitufe kikachoka. Kwanza kilianza kukwaruza, halafu kikawa kinaruka. Unazungusha kidogo, mtangazaji ananong'ona, unazungusha nywele moja zaidi, anapiga kelele mpaka kuku wanatawanyika. Waitara aliifunga redio kwenye shuka, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaenda Mugumu kwa Sadick, fundi mwenye kibanda karibu na soko. Sadick alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Aliifungua, akaitazama, akasema volyumu imekufa na ya kuzungusha hana. Alikuwa na swichi ya kubonyeza. Sauti angeifunga mahali pamoja, pazuri, pa kusikika nyumba nzima. Ukibonyeza inasema, ukibonyeza inanyamaza. Akamwambia ndiyo mambo ya kisasa, Ulaya hakuna tena mtu anayezungusha.

Waitara alirudi amefurahi. Siku ile tulibonyeza wote. Esta alibonyeza, mtoto wao wa kwanza alibonyeza, mimi nilibonyeza. Mtangazaji alikuwa anakatwa katikati ya neno na kurudishwa katikati ya neno jingine, na sisi tunacheka. Hata mawe tulisahau kuyahurumia.

Kesho yake asubuhi niko dirishani na uji wangu. Redio inazungumza bei ya pamba. Gati anapeta. Redio ikanyamaza, pu. Mlango wa Waitara ukafunguliwa, na mkwe na mama mkwe wakawa uso kwa uso, karibu kiasi cha kupeana chumvi.

Gati alijifunika uso kwa ungo na ulezi wote ukamwagika. Waitara aligeuka kama aliyekanyaga kaa la moto, akazunguka nyuma ya nyumba yake mwenyewe, akapita katikati ya mihogo akivunja mashina. Jembe liliachwa njiani. Mimi nilidhani ni bahati mbaya tu, nikaenda kumsaidia mama kuokota ulezi. 

Ikatokea tena. Kisha ikatokea ile mbaya. Gati alikuwa nje anamwogesha mjukuu kwenye beseni, khanga ameifunga kiunoni tu, kifua wazi, kama mama yeyote na mjukuu wake asubuhi mbele ya mlango wake. Redio, pu. Mlango. Sikuhitaji kuwa Mkurya kuelewa kwamba hapo pameharibika. Gati alitoa sauti ambayo sijaisikia hata chumba cha uzazi, akaingia ndani akamwacha mtoto kwenye maji. Nilivuka njia mbio mimi mwenyewe kumtoa.

Tangu siku hiyo mlango wa Gati haukufunguliwa mchana. Kijiji kikaanza kusema. Wapo waliosema Waitara amerogwa. Wapo waliosema anamfukuza mama mkwe ili achukue kiwanja. Waitara mwenyewe alikonda. Alipita zahanati kuomba dawa ya kichwa, akakaa kwenye benchi, hakuondoka.

"Mimi natoka kama nilivyokuwa natoka, Sista. Saa ile ile. Mlango ule ule. Sasa mbona zamani sikumkuta?"

"Labda mama amebadilisha saa."

"Mama habadilishi kitu."

"Basi ukohoe kabla ya kutoka," nikamshauri.

Akanitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi. "Nimkoholee mama mkwe? Si ni kumwita huko?"

Akapeleka mbuzi wa kuomba radhi. Esta ndiye aliyemkokota mpaka mlangoni kwa mama yake, na Esta ndiye aliyemrudisha. Gati alikuwa amesema kupitia ufa wa mlango, "Mbuzi wa nini? Aseme kwanza kosa lake ni lipi." Na hilo ndilo Waitara asilolijua. Alirudi kumfunga mbuzi kwenye mti, wakawa wawili wasiojua kwa nini wako pale.

Halafu Esta akaja kwangu analia. Mama yake ametuma watu kwa mpwa wake aje na punda. Anarudi mahame, ng'ambo ya mto, kwenye boma la zamani ambalo paa lake liliondolewa siku ya operesheni. Peke yake, mama wa umri ule, fisi wanapita hapo kama njia yao, na serikali imekataza. Na Esta alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kujifungua. Uzazi wa kwanza ulimtoa damu nyingi, na mikono iliyomshika ilikuwa ya mama yake, si ya muuguzi yeyote. Sikupenda kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikaenda kwa Gati. Nilichukua kipimo cha presha ili nionekane nimekwenda kikazi. Ndani mlikuwa na giza, na mizigo ilishafungwa: chungu, jiwe la kusagia, ngozi, kibuyu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchota kidogo kidogo, kile alichokosa alikijaza kwa Kikurya na mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekosa nini, Sista? Wewe unasoma vitabu. Niambie mimi nimemkosea nini mkwe wangu."

"Yeye anauliza hivyo hivyo."

"Anadanganya. Mwaka mzima alikuwa ananiheshimu kuliko mkwe yeyote wa nchi hii. Nilimsifu kisimani. Wenzangu wanakutana na wakwe zao kila siku kwenye mistari hii, wanajifunika, wanalia. Mimi, hapana. Mkwe wangu alikuwa ananiambia, 'Mama, natoka.'"

"Alikuwa anakuambia?" Sasa nilipotea kabisa. "Si hamsemeshani?"

"Kwa redio." Akainua mkono, vidole vimeshika kitu kisichokuwepo, akavizungusha polepole kushoto. "Anamshusha yule mtu wa Dar es Salaam. Anamshusha, anamshusha. Mimi najua: mkwe wangu anataka kupita, ananipa nafasi ya kuinuka, mimi mama mzee magoti yanauma. Namaliza kufunga mlango, nasikia ka. Anatoka. Nani mwingine ana mkwe kama huyo? Sasa ameacha. Anamkata yule mtu shingo, pu, anatoka. Anataka kuniona uchi wangu."

Nilikaa juu ya mzigo wake. Kichwani mwangu kila asubuhi ya uji na dirisha ilikuwa inajipanga upya, na bado haikukaa sawa.

"Mama, ni kitufe," nilisema. "Kitufe kilikufa. Fundi ameweka cha kubonyeza."

"Kitufe hakina adabu, Sista, wala hakikosi adabu. Mwenye mkono ndiye mwenye adabu. Mkono ni ule ule."

Nilivuka njia nikamweleza Waitara. Alisikiliza amesimama, halafu akakaa, halafu akasimama tena.

"Lakini mimi nilikuwa napunguza sababu ya mawe!"

"Ndiyo."

"Sikujua kama anasikiliza."

"Basi nimwambie hivyo?"

"Usimwambie!" Alinishika mkono, yeye ambaye hakuwahi kumshika mtu. "Ukimwambia, basi mwaka mzima hakuna mtu aliyemheshimu. Ilikuwa kitufe na mawe tu. Atamsifu nani tena kisimani? Usimwambie, mura." Hata alisahau kwamba mimi ni mwanamke, akaniita kama kijana mwenzake.

Alipanda baiskeli siku ile ile kwenda kwa Sadick kudai kitufe cha kuzungusha. Sadick, kama Waitara alivyonisimulia, alidhani anataniwa. Watu wote wanataka redio izime haraka, huyu anataka ichelewe! Lakini alimtafutia. Alichomoa volyumu ya redio moja iliyokufa zamani, akaifunga, akarudisha kile kitufe kikubwa chenye mkwaruzo, ambacho kilikuwa bado kwenye kopo la misumari. Waitara alizungusha, sauti ikapanda, ikashuka vizuri kama zamani, na kabla hajamaliza kufurahi mawe yakaisha. Alizunguka maduka yote ya Mugumu. Mawe hayakuwepo, na wenye maduka hawakujua yatakuja lini.

Alirudi jioni na redio nzima isiyo na sauti. Aliyaanika mawe yale juani kesho yake kutwa nzima, juu ya bati la zahanati. Yakatoa kunong'ona kidogo, yakafa tena. Yangu ya tochi yalikuwa yameshavuja maji. Na mpwa wa Gati alikuwa ameshafika na punda.

Asubuhi ya kuondoka niliamka mapema, nikafungua dirisha, uji sikuupika. Punda alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Gati, chungu upande huu, jiwe la kusagia upande ule, mpwa anakaza kamba. Gati alikuwa nje mchana kweupe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni, amejifunika khanga mpaka kichwani. Esta amekaa chini, mgongo ukutani, mikono juu ya tumbo. Halia tena. Kila mtu alijua kwamba Waitara yuko ndani na hatatoka mpaka mama apite.

Ndipo nikasikia ngoma. Mtu alikuwa anapiga meza kwa vidole, mapigo yale yale ya redio kabla ya habari. Mpwa aliacha kamba. Halafu ikaja sauti kutoka ndani ya nyumba ya Waitara, nzito, ya puani, ya mtu anayejaribu kuwa Mswahili wa Dar es Salaam na Mkurya anamtoka kwenye kila neno.

"Hapa ni Redio Tanzania, Dar es Salaam. Ifuatayo ni taarifa ya habari. Bei ya pamba imebaki kama ya mwaka jana. Wananchi wanaombwa kuchemsha maji. Habari kutoka wilaya mpya ya Serengeti zinasema kwamba mkulima mmoja wa Nyansurura, bwana Waitara, amesikitika sana."

Gati aliganda. Mimi pia. Nilijiuliza kama homa imempanda kichwani, nikafikiria nimwandalie kwinini.

"Bwana huyo ameeleza kwamba yeye ni mjinga. Zamani alikuwa anapunguza redio sababu ya mawe. Hakujua kwamba kuna mtu mkubwa anasikia. Alitaka kulificha, lakini ameulizwa kosa lake ni lipi, na ndilo hilo: heshima ile haikuwa yake. Amesema ameona haya. Amesema sasa amejua, na kuanzia leo, mawe yakiwepo, mawe yasipokuwepo, atapunguza. Mkono ni wake."

Mtangazaji alikohoa, akajikaza.

"Wakati huo huo, mke wa bwana huyo anatarajia kujifungua. Mtoto wa kwanza alishikwa na bibi yake, na wa pili hana mtu mwingine. Bwana Waitara ametoa wito. Ametoa wito kwamba..." Vidole vikagonga meza tena. "Hali ya hewa. Ng'ambo ya mto kutakuwa na mvua kubwa, pamoja na fisi. Huku Nyansurura ni kukavu. Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari. Huo ndio mwisho. Huo ndio mwisho wa..."

Akaanza kushusha. Nasema kweli, alishusha kwa koo lake kama alivyokuwa anashusha kwa kidole. Mtangazaji akatelemka bondeni, huo ndio mwisho, huo ndio mwisho, kila mara mbali zaidi, mpaka nikawa naona kama naisikia kwa sababu tu nataka kuisikia. Esta alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Punda alitikisa sikio.

Gati hakutazama mlango ule hata mara moja. Alimtazama punda, akatazama njia ya mtoni, akatazama magoti yake. Kisha akageuka, taratibu, kama mtu mwenye nafasi ya kutosha, akaingia nyumbani kwake, nikasikia komeo lake linaanguka.

Ndani kwa Waitara, ulimi uligonga kaakaa: ka.

Alitoka na jembe begani, macho chini, machozi yanamwenda mpaka kidevuni, akashika njia ya shamba. Alipopotea kwenye mihogo, mlango wa Gati ulifunguliwa. Nilivuka njia. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilimwuliza vibaya, bila hata shikamoo.

"Mama, amekusemesha! Mkwe wako amekusemesha mbele yetu sote. Si mwiko?"

Gati alishika fundo la kamba mgongoni mwa punda, akaanza kulifungua.

"Mkwe wangu hajawahi kuniambia neno," alisema. "Mimi nimesikia redio. Wewe ulisikia nini, Sista?"

Akanisogezea ncha ya kamba nimshikie, ateremshe jiwe lake la kusagia.